Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu: mwalimu hodari apelekwe darasa la kwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia; kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI); na kwenu wakurugenzi wa halmashauri na maafisa elimu wa mikoa, wilaya na kata.

Waheshimiwa, salamu zangu ziwafikie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Ziwa. Nina miaka 21 kazini. Miaka 14 kati ya hiyo nimefundisha Hisabati darasa la saba, na huu ni mwaka wa nne niko darasa la kwanza. Nawaandikia kwa sababu miaka hii minne imenionyesha kitu ambacho ile 14 ilinificha, na kwa sababu mwaka 2027, ambao madarasa mawili yatamaliza shule ya msingi kwa pamoja, uko mlangoni na sioni watu wakiuzungumzia kwa namna inayostahili.

Nilivyofika darasa la kwanza ni hivi. Niliumwa mgongo, nikashindwa kusimama kwenye vipindi vya jioni na kambi za mitihani. Mwalimu mkuu wangu wa wakati ule, mtu mwema kabisa, aliniita ofisini akaniambia, "Mama, pumzika kidogo. Nenda ukacheze na watoto wa la kwanza." Nilipotoka, wenzangu wakanipa pole mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyefiwa. Hakuna aliyenipa hongera.

Ukiingia ofisi ya walimu ya shule yoyote ninayoijua utakuta utaratibu uleule. Mwalimu hodari anapewa la saba. Mgonjwa, anayekaribia kustaafu, mjamzito anayehesabu miezi, aliyeripoti kazini juzi, au aliyekwaruzana na uongozi, huyo anapewa la kwanza. Sijawahi kuona waraka unaoagiza hivyo, na sidhani kama upo. Lakini kila mwalimu mkuu anaufuata utaratibu huo, na anaufuata kwa sababu anajua kitakachoulizwa kwenye kikao cha wilaya ni ufaulu wa la saba. Huo ndio unaompa cheti au barua ya kujieleza. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023 nilishukuru kwa moyo wote, nikadhani presha itashuka hadi kwetu chini. Kwetu haikushuka. Orodha ya shule, ya kwanza hadi ya mwisho, bado inapita kwenye makundi ya simu ya walimu wakuu siku ileile matokeo yanapotoka.

Mwaka mmoja nikiwa bado la saba nilikuwa na kijana, hapa nitamwita Masanja. Mrefu, mpole, anakaa dawati la nyuma kabisa. Kwenye majaribio alikuwa akipata 11, 9, 13, kati ya alama 50. Nilikwisha kumwandika moyoni kuwa ni mzito. Jioni moja ya kambi wenzake walikwenda kunywa maji, nikamkuta amebaki ameduwaa kwenye swali la mayai: mfanyabiashara ana trei tano za mayai 30 kila moja, na mengine 12 pembeni, akiuza kila yai shilingi 300 atapata kiasi gani? Nilimsomea kwa sauti kama lilivyoandikwa, sikumfafanulia neno. Akatazama dari kidogo, akasema, "Elfu arobaini na nane na mia sita, mwalimu." Kalamu hakuigusa. Mama yake alikuwa anauza mayai mnadani, na yeye ndiye aliyekuwa anamhesabia.

Nikampa swali linalofuata, nikamwambia safari hii asome mwenyewe. Akaanza, "Mku... mkuli..." Akanyamaza. Kijasho kikamtoka puani.

Nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima na sikujua kwamba hajui kusoma. Kabla yangu alikuwa amepita mikononi mwa walimu si chini ya kumi. Sisi sote tulikuwa tumesahihisha daftari lake, tumemchapa kwa kushindwa, tumemwandika kwenye mahudhurio. Hakuna aliyewahi kukaa naye peke yake akamwambia asome mstari mmoja.

Na nilifanya nini baada ya kujua? Nilifanya kile tunachofanya walimu wa la saba tukibakiwa na wiki sita: nilimfundisha namna nzuri ya kubahatisha herufi ya jibu. Sikuwa na muda wa kumrudisha kwenye ba be bi. Hakufaulu. Leo ni dereva wa bodaboda. Nikipanda pikipiki yake ananiamkia kwa heshima na hataki nauli yangu. Namba za simu anazisoma vizuri, lakini ujumbe ukiingia anamwomba abiria amsomee.

Wataalamu wanapozungumzia yanayomfanya mwanafunzi afaulu au afeli wanayapanga kwenye mafungu mawili. Upande huu ya mwanafunzi: njaa, umbali, utoro, wazazi, lugha ya nyumbani, afya. Upande ule ya mwalimu: mafunzo, ari, mshahara, nyumba, idadi ya vipindi. Sina ugomvi na mafungu hayo. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba yote mawili yanakutana darasa la kwanza, kwa wakati mmoja, ndani ya chumba kimoja, na yanaamua mengi kabla mtoto hajafika la tatu. Tukifika la saba tunakuwa tunapima kilichokwisha kutokea.

Darasa langu mwaka huu lina watoto 163. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Madawati yapo 34. Waliokosa dawati wanakaa kwenye sakafu, na wale wa mbele wako karibu na ubao kiasi kwamba nikifuta, vumbi la chaki linawatua kichwani.

Asubuhi ninaandika ubaoni ba be bi bo bu. Ninagusa kwa fimbo, sauti 163 zinaitika. Mgeni akipita dirishani atasema hapa watu wanasoma. Mwaka wangu wa kwanza hata mimi nilidanganyika hivyo hivyo, na nilitoka nimefurahi. Siku moja, sijui kilichonituma, baada ya "bi" nikarudisha fimbo nyuma nikagusa "ba". Darasa zima likaitika, "Bo!" Walikuwa wameukariri wimbo, na wimbo una mpangilio wake. Macho ya wengi yalikuwa kwangu, ubaoni hawakuwa wakitazama kabisa.

Siku hiyo sikulala vizuri. Nilimkumbuka Masanja, nikamwona alivyoanza.

Tangu hapo ninamwita mtoto mmoja mmoja mezani. Nina kadi nilizokata kutoka kwenye maboksi ya sabuni, kila kadi silabi moja. Wengine nawapa vizibo vya soda wahesabu kwa makundi ili nipate utulivu. Mtoto anasoma kadi nilizozichanganya, anaandika mbili tatu, naona kidole chake kinavyoshika kalamu, naona kama anakaza macho. Dakika tatu au nne. Nikijitahidi sana ninawafikia 12 kwa siku. Kwa watoto 163 zinakwenda siku 14 za masomo, yaani karibu wiki tatu, ndipo zamu imrudie yule wa kwanza. Mtoto aliyechanganya b na d Jumatatu anaishi na kosa lake wiki tatu bila mtu kumrekebisha. Nikimrudia, limekwisha kuwa lake. Ningekuwa na watoto 45 ningemrudia siku ya nne.

Nimeyasoma mengi kuhusu uwiano wa mwalimu na wanafunzi. Kwangu mimi uwiano ni hiyo hesabu ya siku.

Sasa upande wa mtoto. Wengi wa watoto wangu wanaingia shule wakiwa na Kisukuma tu. Asubuhi ya kwanza wananiamkia "Mwangaluka", na akitaka maji ataomba "minzi". Kiswahili chenyewe ni lugha anayoianza siku ileile anayoanza herufi. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta na Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa hiyo mtoto wa miaka sita anapokea lugha mbili ngeni kwa mkupuo kutoka kwa mwalimu mmoja mwenye watoto 163. Mimi nina bahati, Kisukuma nakijua, nilizaliwa nacho. Mwenzangu aliyepangiwa huku kutoka mkoa wa mbali alimaliza muhula mzima akidhani nusu ya darasa lake ni watoto wakaidi. Hawakuwa wanamwelewa. Lugha ya kufundishia sekondari ni mjadala mkubwa na una watu wake. Mimi nazungumzia jambo dogo tu, kwamba mwalimu wa la kwanza anapopangiwa shule aulizwe anazungumza nini.

Njaa siielezi sana, mnaijua. Niseme tu kwamba ikifika saa nne ninaweza kuwaonyesha kwa kidole nani amekula na nani hajala. Aliyekula anagombania kizibo. Ambaye hajala amelaza shavu kwenye sakafu kwa sababu saruji ina ubaridi. Wazazi walikuwa wakichangia mahindi, tunapika uji, na katika siku za uji chumba kilikuwa kinajaa hadi mlangoni. Ilipokuja elimu bila malipo mwaka 2016, wazazi wengi kwetu walielewa kwamba hawatakiwi kutoa tena chochote, na kiongozi aliyethubutu kuomba debe la mahindi aliogopa kuitwa mvunja sheria. Nafurahi elimu haina ada. Nimeona watoto walioingia shule kwa sababu hiyo ambao vinginevyo wasingeingia. Lakini sufuria ilizimwa, na haikuwashwa tena hadi mwaka juzi, nayo inawaka miezi ya mavuno tu.

Nina ndugu wawili, wa darasa moja, ambao wanapokezana. Mkubwa anakuja Jumatatu na Jumatano, mdogo anakuja Jumanne na Alhamisi. Ijumaa hawaji wote, ni siku ya mnada. Siku asiyekuwa shule yuko nyuma ya ng'ombe. Baba yao hana ubaya, nilikwenda kwake, akanikaribisha vizuri akaniambia ng'ombe hawajui Jumatatu. Kwenye daftari la mahudhurio hao ni watoro wawili. Kwangu ni mtoto mmoja aliyegawanywa nusu. Mkubwa akirudi nyumbani anamfundisha mdogo alichokipata, kwa kuchora chini na fimbo ya kuchungia, na ndiyo maana wote wawili leo wanasoma silabi kuliko wengine wanaokuja kila siku. Natamani kila ripoti ya utoro ingeandikwa na mtu aliyekwenda hadi nyumbani.

Upande wa mwalimu nitakuwa mkweli, hata kama wenzangu watanuna.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilipima hali ya shule zetu za msingi. Ilikuta karibu nusu ya walimu hawako darasani wakati wa kipindi, ilhali wengi wao walikuwepo shuleni. Mwanafunzi alikuwa anafundishwa chini ya saa tatu kati ya karibu saa sita zilizoandikwa kwenye ratiba. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilikasirika. Kisha nikaamua kujihesabu kwa wiki moja, nikaweka alama kwenye daftari kila nilipotoka darasani. Hasira iliisha.

Jumatatu nilitoka kwa sababu ujumbe ulikuja kutoka kata: takwimu za madawati, mabovu na mazima, zifike kabla ya saa sita. Jumanne nilikuwa mwalimu wa zamu, nikasuluhisha ugomvi wa kisimani. Jumatano takwimu za matundu ya vyoo, zilezile tulizotuma mwezi uliopita. Alhamisi nilikwenda mjini benki. Ijumaa nilichoka tu. Nilikaa chini ya mwembe na wenzangu wakati wa kipindi cha mwisho, na watoto wangu niliwaacha wakiimba.

Wapo wanaokaa pale kila siku. Kengele inalia, hawanyanyuki. Wengine kadi zao za benki ziko kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, mshahara unaingia na kutoka bila wao kuugusa, na mtu wa namna hiyo hata akisimama ubaoni hayupo. Wengine walikaa miaka mingi bila kupandishwa daraja, wakavunjika moyo. Lakini wengine, na hawa ndio wanaoniuma, ni walimu wazuri waliokata tamaa ya idadi. Mtu anajua akiingia ana watoto 160 mbele yake, atawafikia wachache, wengine hatawaona hata sura. Ukishajua kwamba huwezi, kuna siku unaacha kujaribu.

Na hakuna anayewauliza. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija anaomba azimio la kazi, andalio la somo, daftari la maendeleo ya wanafunzi. Vyote vipo, vimejazwa vizuri, vimegongwa mhuri. Katika miaka yangu minne ya la kwanza ni mthibiti mmoja tu aliyeingia darasani, akachuchumaa kwenye sakafu, akachukua kitabu akampa mtoto aliyekuwa karibu naye, akasema, "Nisomee." Yule mama alikaa na watoto saba. Hakuandika chochote mpaka alipomaliza. Nilijifunza kwake kwa nusu saa kuliko semina ya siku tatu.

Waheshimiwa, hili siliwazi peke yangu, nchi yetu imekwisha kulipima. Kati ya mwaka 2013 na 2014 kulikuwa na majaribio ya KiuFunza yaliyoendeshwa na shirika la kiraia la Twaweza katika shule 350. Shule nyingine zilipelekewa fedha za ruzuku tu, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayethibitika kuzimudu stadi za kusoma na kuhesabu. Nyingine zilipata vyote viwili. Zilizopata fedha peke yake, matokeo ya watoto hayakusogea. Kulikosogea kwa uhakika ni kule ambako fedha zilifika na mwalimu naye akawa na sababu ya kumfuatilia kila mtoto. Mimi sidai malipo ya kichwa kwa kichwa. Nina wasiwasi nayo, naweza kuona namna yatakavyoleta fitina ofisini. Ninachokiona hapo ni kwamba kwa mara moja mtu alimtazama mwalimu wa la kwanza akamwambia kazi yako ndiyo tunayoihesabu, na mwalimu akabadilika.

Utafiti wa Uwezo, unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, mwaka 2011 ulikuta watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali iliitikia. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wa madarasa ya chini wakapewa mafunzo. Yalikuwa mafunzo mazuri. Moduli zake ninazo hadi leo, zimechakaa. Lakini shuleni kwangu, waliohudhuria mafunzo yale walionekana sasa ni walimu waliopikwa, na ndani ya miaka miwili wote walikuwa wamepandishwa kwenda la tano, la sita na la saba. Mafunzo yalilipiwa kwa ajili ya watoto wa miaka sita, yakaenda kukaa kwenye darasa la mtihani.

Ndivyo imekuwa kila wimbi. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni, watoto wakafurika. Ada ya msingi ilipoondolewa mwaka 2001 na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka uliofuata, wakafurika tena. Mwaka 2016 tena. Mafuriko yote hayo yanapiga kwanza mlango wa darasa la kwanza, na kila mara dawa inapelekwa kwenye darasa la mtihani, kwa sababu huko ndiko aibu inakoonekana.

Wimbi linalokuja ni la namna nyingine. Watoto walioingia la tatu Januari 2024 wako kwenye mtaala mpya wa msingi wa miaka sita. Watamaliza mwaka 2027, pamoja na wenzao wa mtaala wa zamani watakaokuwa la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja. Vyumba vinajengwa, nimeviona. Na kwa kuwa elimu ya lazima sasa ni miaka 10, akina Masanja hawatabaki nje kama zamani. Wataingia, wataketi miaka minne mbele ya vitabu vya Kiingereza, na hawawezi kusoma mstari wa Kiswahili. Mnajua jinsi Hisabati ya kidato cha nne ilivyo: miaka ya karibuni wanaofaulu wamekuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne. Nimefundisha Hisabati miaka 14. Nawaambia kwa uhakika wa mtu aliyemsikia Masanja akitaja elfu arobaini na nane na mia sita: wengi wa hao hawajashindwa hesabu.

Mtasema walimu hawatoshi. Ni kweli. Shule yetu ina walimu 11. Lakini tazameni tunavyogawana. Darasa la saba mwaka huu lina watoto 52 na walimu wanne wazuri wanaopokezana masomo. (Walioanza nao la kwanza walikuwa 118, wengine walihama na wazazi, wengine sijui.) La kwanza lina 163 na mimi. Upungufu huo hakuuleta mwalimu mkuu wangu. Namna ya kuugawa tumeichagua sisi, na nyinyi mnaweza kuibadilisha kwa barua moja bila kuajiri mtu.

Barua hiyo naiomba iseme hivi. Mwalimu mkuu anapopanga walimu Januari, aanze na la kwanza na la pili, na aandike ni kwa nini amemchagua huyo. Mwalimu huyo apande na watoto wake hadi la pili, asiondolewe katikati labda kwa ugonjwa. Mkondo wa kwanza kugawanywa shule ikipata mwalimu mpya au chumba kipya uwe wa la kwanza, hata kama la saba wamebanana. Uji, kama mahindi hayatoshi shule nzima, waanze kunywa wadogo. Na wazazi waambiwe na viongozi wao waziwazi, kwenye mkutano wa kijiji, kwamba kuchangia chakula cha mtoto hakujawahi kuwa ada. Takwimu ziombwe mara moja kwa muhula na zitunzwe, asiulizwe mtu vyoo vilevile mara mbili.

Na upimaji wa KKK wa darasa la pili, ambao tayari tunao, upewe uzito kwenye vikao vyenu. Sijawahi kumwona mwalimu wa la pili akiitwa mbele kupongezwa kwa sababu watoto wake wote wanasoma. Siku atakapoitwa, ofisi za walimu nchi nzima zitabadilika ndani ya muhula mmoja, kwa sababu sisi walimu tunasoma haraka sana kile wakubwa wetu wanachokithamini.

Lipo moja linalohitaji fedha, nami sitalificha: mwalimu wa la kwanza mwenye watoto zaidi ya 45 apewe msaidizi. Wahitimu wa ualimu wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira wapo kila kijiji. Mmoja alijitolea kwangu miezi mitatu mwaka jana, kwa nauli tu ambayo tulichangishana ofisini. Tukawa tunawafikia watoto 25 kwa siku. Akapata kibarua kwenye duka la dawa, akaondoka, na sikuweza kumlaumu.

Kuhusu MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunakutana, tunajadiliana, inasaidia. Naomba tu jumuiya za kujifunza za walimu wa madarasa ya chini zikutane peke yake. Tukichanganywa na wa la saba, kikao chote kinakwenda kwenye mada ngumu za mtihani na sisi tunabaki kusikiliza.

Sina shida na mtu yeyote katika barua hii. Mgongo wangu umepona. Mwalimu mkuu tuliye naye sasa alishaniuliza kama niko tayari kurudi la saba, kwa sababu ufaulu wa Hisabati umeshuka na mimi natajwa. Nimemwomba aniache nilipo, naye yuko njia panda, maana wilayani wanamsubiri na karatasi ile ya ufaulu wa la saba.

Mkipata nafasi karibuni shuleni kwetu, au shule yoyote iliyo karibu na nyinyi, saa mbili na nusu asubuhi. Nawaomba msianzie ofisini. Ingieni la kwanza, chagueni mtoto yeyote, kaeni naye chini, mpeni kadi nje ya mpangilio wa wimbo, msikilize. Kwetu wiki hii tuko kwenye ma me mi mo mu, na jana zamu iliishia kwa mtoto wa 96.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Kanda ya Ziwa